Unatambuaje usanifu mzuri na mbaya wa vitu vya kila siku, hasa ukiwa safarini?

Mdadisi
Wakuu, naomba darasa. Nimeanza kuvitazama vitu vya kawaida kwa jicho la usanifu: milango, ngazi, mabomba ya bafuni, vibao vya njia kwenye stesheni na viwanja vya ndege. Shida naishia kusema "hiki kizuri, kile kibaya" bila kuweza kueleza sababu. Wenye ujuzi, huwa mnaangalia nini hasa? Kuna cha kupima, au ni suala la jicho tu? Safarini huwezi kufungua kitu wala kumuuliza aliyekijenga, kwa hiyo nataka mbinu za mtu mwenye simu na kidaftari.

Bawaba
Anza na watu wanaokitumia kitu, chenyewe utakitazama baadaye. Simama kando ya mlango wa jengo lenye pilikapilika kwa dakika kumi, uhesabu wanaovuta panapotakiwa kusukuma. Mmoja akikosea, pengine mawazo yake yako mbali. Wakikosea watano kati ya ishirini, kasoro ni ya mlango.

Dalili nyingine ni karatasi. Popote utakapokuta "SUKUMA" imeandikwa kwa mkono na kubandikwa kwa selotepu, jua kuna mtu alichoka kujibu swali lilelile. Angalia pia palipolika: rangi iliyochubuka mbali na mpini inakuonyesha mikono inakimbilia wapi, na kijia kilichokanyagwa katikati ya majani kinakuonyesha njia ya zege ilipaswa kupita wapi.

Kwenye milango kosa karibu siku zote ni moja. Mpini wa wima umefungwa pande zote mbili kwa sababu huuzwa kwa jozi na unapendeza machoni. Mpini wa kushika unaialika mikono ivute. Bamba bapa halina pa kushika, kwa hiyo mtu atasukuma tu. Tiba ni kung'oa mpini upande wa kusukuma na kuweka bamba, basi. Maandishi hayahitajiki tena. Milango ya vioo ndiyo inayosumbua zaidi maana bawaba zake hufichwa. Kwenye mlango wa kawaida, ukiona vifundo vya bawaba upande wako, unafunguka kuja kwako.

Mlango wa dharura una masharti yake: ufunguke kuelekea nje, na uwe na upau wa mlalo unaoachia komeo ukisukumwa hata kwa kiuno. Umati ukishaugandamiza mlango unaofunguka kwa ndani, hakuna anayeweza kurudi nyuma hata hatua moja ili uvutwe. Mwaka 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwenye mlango wa aina hiyo, tena ukiwa umekomewa na kuacha upenyo wa mtoto mmoja mmoja.

Futikamba
Naongeza ngazi, kwa kuwa hizo zinapimika na hazina ubishi.

Pima kimo cha kipandio na kina cha pale unapokanyaga. Zidisha kimo mara mbili, jumlisha na kina. Ukipata kati ya sm 60 na 65, ngazi hiyo inafuata hatua ya kawaida ya mtu mzima. Kanuni hii ni ya Mfaransa François Blondel, tangu karne ya 17, na bado inatumika. Kimo cha sm 17 na kina cha sm 29 vinakupa 63.

Ila kanuni hiyo haikamati kosa kubwa kuliko yote, ambalo ni vipandio visivyolingana. Mguu huzoea kimo kwa hatua mbili tatu za mwanzo, kisha hujiendea wenyewe ukiupita ukingo kwa nafasi ndogo sana. Kipandio kimoja kikizidi vingine kwa sm 1 tu, watu watajikwaa hapohapo kila siku, nao watalaumu viatu vyao.

Usipime vyote, pima cha chini kabisa na cha juu kabisa. Ngazi humwagwa zege mapema, halafu sakafu ya chini inakuja kuwekewa plasta na vigae, jumla sm 3 au 4. Hapo kipandio cha kwanza kimeshapungua kwa kiasi hicho. Juu ni kinyume chake: sakafu ikiinuliwa kwa vigae na vipandio vikaachwa, cha mwisho kinazidi. Fundi anayejua kazi hugawanya vimo kutoka sakafu iliyomalizika hadi sakafu iliyomalizika, hata kama siku anayomwaga zege sakafu hizo bado hazijawekwa.

Mengine ya haraka. Ukingo wa kila kipandio uwe na mstari wa rangi tofauti. Zulia la maua mengi huufuta ukingo machoni mwa anayeshuka. Na mkono wa ngazi upitilize kipandio cha mwisho kwa sm 30 hivi, kwa sababu mtu huhitaji kushikilia mpaka mguu wa pili utue.

Mdadisi
Hii ya vigae imenifungua macho, shukrani. Vipi shawa za nyumba za wageni? Kila moja ina koki yake ya ajabu, unaungua au unaganda. Nitajuaje kabla ya kuingia?

Koki
Koki ya mpini mmoja ina miondoko miwili: kuinua huongeza wingi wa maji, kuzungusha hubadili joto. Kawaida moto ni kushoto, baridi kulia. Tatizo ni kwamba mpini hauonyeshi miondoko hiyo, na vile vidoti vyekundu na bluu hufutika mapema kwa sabuni na kusuguliwa.

Kinachounguza watu zaidi ni ucheleweshaji. Piga hesabu: bomba la urefu wa m 10 na kipenyo cha ndani cha mm 15 linabeba karibu lita 1.8 za maji yaliyopoa. Shawa ikitoa lita 6 kwa dakika, utasubiri sekunde 18 kabla ya kuona matokeo ya ulichofanya. Mtu hasubiri. Akiona bado baridi anazungusha tena, na tena, halafu yote yanafika kwa pamoja. Kwa hiyo zungusha kidogo, hesabu hadi ishirini, ndipo urekebishe.

Shawa iliyosanifiwa vizuri utaijua kwa mambo mawili. La kwanza, koki unaifikia ukiwa umesimama pembeni ya maji. La pili, ina kirungu chenye namba za nyuzijoto na kizuizi kwenye 38. Kuvuka hapo lazima ubonyeze kitufe kwa makusudi.

Na msidhani dawa ni kupunguza joto la tangi. Maji ya tangi huwekwa nyuzi 60 au zaidi ili kudhibiti bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, na joto hilo linaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi huwekwa karibu na mtumiaji.

Mshale
Vibao sasa. Kibao kinatakiwa kiwe kabla ya njia panda, na kingine kidogo baada yake cha kukuthibitishia kwamba hujapotea. Hicho cha pili ndicho kinachosahaulika. Ukiona abiria wanapiga hatua kumi, wanasimama, wanageuka nyuma, jua hakipo.

Urefu wa herufi: gawanya umbali kwa 200. Msomaji wa m 20 anahitaji herufi za sm 10. Umbo la herufi nalo lina kazi yake. Adrian Frutiger alipochora herufi za vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, miaka ya 1970, alihakikisha zinasomeka kwa mbali na hata ukizitazama kwa upande. Kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, mfumo wa Benno Wissing wa 1967 uliweka herufi nyeusi kwenye njano kwa njia za kwenda kwenye ndege, ili jicho lichuje rangi kwanza kabla ya kusoma chochote.

Mshale unaotazama juu ni mtego. Ni "nenda mbele" au "panda ghorofa"? Pakiwa na ngazi hapo mbele, lazima uandamane na picha ya ngazi.

Tazama na chini. Vigae vya kuongoza wasioona, alivyobuni Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, vina lugha mbili: mistari maana yake endelea, vidoti maana yake simama au kuwa makini. Kosa la kawaida ni kupanga vidoti kama pambo, au kupeleka mistari moja kwa moja kwenye nguzo. Kosa jingine ni kuvipaka kijivu kama sakafu. Wengi wanaovitegemea wanaona kidogo, na kwao tofauti ya rangi ndiyo msaada.

Kinyume
Nipingane kidogo. Si kila kero ni kasoro. Mashine nyingi za benki hukurudishia kadi kwanza ndipo zitoe pesa, na watu hulalamika zinawachelewesha. Zikitoa pesa kwanza, mtu akishapata alichofuata anaondoka na kadi inabaki. Kifuniko cha dawa cha kubonyeza huku ukizungusha ni kigumu kwa makusudi, kwa ajili ya watoto. Kabla ya kuandika "kibaya" kwenye kidaftari, jiulize ugumu huo unamzuia nani asifanye nini.

Mdadisi
Sawa mkuu. Na jiko la plati nne, lenye swichi zote kwenye mstari mmoja? Huo ugumu unamzuia nani?

Kinyume
Huo haumzuii yeyote, ni kasoro tupu. Plati zimepangwa mraba, swichi mstari, kwa hiyo picha ndogo inabidi ifanye kazi ya mpangilio. Jaribu hivi: funika picha hizo kwa karatasi, muulize mtu ni swichi ipi ya plati ya nyuma kushoto. Kama plati za nyuma zingesogezwa kidogo kuelekea katikati, kila moja ingesimama juu ya swichi yake na angejibu bila kusita.