Kwa nini wanabuni tundu la ajabu wakati standadi ipo?

fundi_mwanjelwa: Wakuu habari za baridi. Jana mama mmoja kapanda Hiace toka Tukuyu kaniletea hadidiski ya nje, ina picha za harusi ya mwanae, waya umekatika na tundu lake ni lile pana kama micro (tundu dogo la simu za zamani) mbili zimeshikana ubavuni, nimezunguka hapa Mbeya toka Mwanjelwa mpaka Kabwe kila duka wananitolea taipu C. Mtu kasoma, kwa nini aache standadi?

mwana_iringa: Mkuu hilo nalo ni standadi, ni micro B ya USB 3.0. Ilitaka pini tano zaidi na ndani ya micro hakuna nafasi, wakabandika kachumba pembeni ili waya wa zamani bado uingie. Samsung waliiweka hadi kwenye simu yao ya Note 3 ya 2013. Taipu C imekamilika 2014, sasa aliyekuwa anabuni 2012 angesubiri nini, kiwanda kina tarehe yake na moldi ya kava imeshalipiwa, na bodi ya saketi ikishakubali hawaigusi tena miaka. Chukua micro ya kawaida uchomeke upande unaofanana nayo, nyingi zinasoma, ila spidi inashuka.

Makambako Sola: Kaka hapo nakubali nusu. Kuna taa za sola za mkopo huku, pini yao haiingiliani na paneli nyingine yoyote, hiyo sio haraka, wanataka urudi kwao. Na hata anayeweka taipu C wengine wanaharibu, anang'oa tundu la micro kwenye mchoro wa zamani anaweka la C basi, rezista mbili za 5.1k kwenye zile pini za CC, zinazoiambia chaja itoe umeme, hakuna, ukichomeka waya wa C kwa C haili chaji na mteja anajua betri imekufa. Raspberry Pi 4 ya 2019, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenyewe ilitoka na rezista moja kwa pini mbili, waya zenye chip ndani zikaigomea. Mimi nikibadilisha sistimu chaji naziweka mwenyewe.

fundi_mwanjelwa: Mwana_iringa Mungu akubariki, nimechomoa waya wa redio yangu nikauingiza upande huo, taa ikawaka. Picha zinahama polepole, mama amekaa hapa kwenye benchi anaziangalia moja moja.