Tulioko kwenye usambazaji wa dawa, tupeane uzoefu: sheria inakubana wapi?

Mwenye Stoo
Wakuu, habari za majukumu. Nina duka la dawa la jumla Kariakoo, huu mwaka wa kumi na moja. Tukikutana wenyewe kwa wenyewe stori ni vibali, ukaguzi, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Baraza la Famasi. Enzi za TFDA, kabla jina halijabadilika 2019, ilikuwa hivi hivi. Sera ya Taifa ya Dawa yenyewe ni ya tangu 1991 na ukiisoma huioni ubaya: dawa iwepo, iwe salama, mwananchi aimudu. Shida inaanza ukifungua mlango asubuhi.

Naanza na yangu. Kaja jamaa wa Kilwa, pesa mkononi, anataka katoni mbili za sindano za seftriaksoni, ile antibayotiki. Naomba kopi ya kibali, ananipa cha duka la dawa muhimu, yale madogo yanayoruhusiwa orodha fupi tu ya dawa. Dawa hiyo haimo kwenye orodha yao, nikamwambia sikuuzii. Hakugomba. Katoka, kavuka barabara, baada ya nusu saa hivi karudi kununua parasetamoli. Begi kaliweka pale pale kaunta, zipu imegoma kufunga, katoni inachungulia. Nikamkatia risiti ya parasetamoli, wote wawili macho kwenye ile katoni.

Haya, na nyie.

Mtoa Dawa wa Songea
Kaka, mimi ndiye huyo wa dawa muhimu unayemkatalia. Mpango wenyewe ulianzia huku kwetu Ruvuma mwaka 2003, sisi ndio vifungua mimba wake. Mgonjwa analetwa na cheti cha zahanati kimeandikwa sindano, famasi iko mjini, nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya chakula cha siku mbili. Utamwambia haimo kwenye orodha? Mimi namwambia, na nimeshatukanwa.

Ila kinachonitesa zaidi ni risiti. Duka la jumla la karibu linataka ununue katoni nzima, wakati mimi wateja wangu wananunua dozi moja moja. Anapita kijana wa pikipiki na begi mgongoni, anakukatia hata boksi moja, bei chini, risiti hana. Mkaguzi akija swali la kwanza ni hilo: umenunua wapi? Siku moja yule kijana kaniletea dawa mseto ya malaria. Nikageuza boksi, pembeni limepigwa GOT. Mali ya serikali hiyo. Nikamrudishia, akacheka: "Mama, hiyo inafutika na spiriti." Jirani yangu alichukua.

Mzigo wa Baridi
Mimi nimesafirisha dawa za baridi kutoka Dar hadi Sumbawanga kwa miaka sita. Zaidi ya kilomita 1,000, kwa basi la abiria. Oksitosini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 njia nzima. Nilikuwa nafunga boksi mwenyewe, kipimajoto ndani, naliweka nyuma ya kiti cha dereva na konda namwachia ya soda.

Safari moja lori limelala mlima Kitonga, foleni ya masaa saba. Abiria kalalamika miguu haina nafasi, konda kalihamishia boksi kwenye buti, juu ya magunia ya dagaa. Mimi usingizini. Nafungua Sumbawanga kipimajoto kinasoma 21. Mfamasia wa hospitali hata hakunigombeza, alikitazama, akafunga mfuniko taratibu akanisukumia boksi langu. Bosi kwenye simu anasema: "Mbembeleze, chupa haijabadilika rangi." Ni kweli haibadiliki. Ndiyo maana inatisha, kwa sababu hiyo ndiyo anayochomwa mama aliyejifungua asimalize damu. Nilikatwa mshahara miezi mitatu.

Na jingine, watu wanaogopa joto tu. Insulini ikiganda nayo imekufa. Barafu ikitoka friza iache kwanza itoe jasho, halafu weka kadibodi katikati, chupa zisiguse barafu.

Cheti Ukutani
Naomba nisitaje mji. Mimi ni mfamasia, nilimkodishia mwenye duka cheti changu miaka miwili, akitundike ukutani kana kwamba mimi ndiye msimamizi. Kila mwezi pesa inaingia kwenye simu, duka lenyewe sijui hata linatazama upande gani. Siku ya ukaguzi wananipigia niko harusini. Nikaiangalia simu inaita, nikaizima. Sijitetei, nasimulia tu.

Chumba cha Nyuma
Dawa zilizoisha muda je? Dampo hutupi. Unaorodhesha, unaomba kibali, zinateketezwa mkaguzi akiwepo, usafiri na tanuri juu yako. Aliyekuuzia hapokei kitu. Mimi nina chumba kizima nalipia kodi, wapangaji ni dawa zilizokufa.

Mshitiri Mstaafu
Nilikuwa mshitiri, ule utaratibu ulioanzia Dodoma 2014: Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa dawa, kituo cha afya kinanunua kwako. Wazo zuri sana. Lakini bei tulishasaini, dola ikapanda, nami siruhusiwi kuongeza hata senti. Kituo kimoja mzigo walichukua mwezi wa pili, malipo nimeyaona mwezi wa tisa, huku benki inanidai kila tarehe tano. Nikaacha. Sasa nauza nondo, nondo haina tarehe ya kuisha.

Mgonjwa Tu
Nawasoma wote mnalia. Ila yule wa Kilwa alivyovuka barabara, aliuziwa na nani? Si msambazaji mwenzenu mwenye kibali ukutani?

Mwenye Stoo
Hapo umenishika, mkuu. Tunajuana naye, tunaswali msikiti mmoja. Nilimgusia siku moja, akasema: "Wewe kataa, mimi nauza, mwisho wa mwezi tuone nani analipa pango." Sikuwa na la kumjibu, maana mwezi ule nilikuwa nadaiwa.

Mtoa Dawa wa Songea
Na huyo wa Kilwa alirudi tena?

Mwenye Stoo
Jumanne hii. Kachukua parasetamoli katoni nne na mabomba ya sindano. Seftriaksoni hakuuliza. Safari hii alianzia ng'ambo, na begi kanunua kubwa zaidi, zipu inafunga.