Mafunzo ya utafiti wa bahari ukitokea Moshi: Unguja, Tanga au Nyumba ya Mungu?

Mwanafunzi_Soweto
Wakuu, salaam kutoka Moshi. Nasoma baiolojia, mwaka wa pili. Mafunzo kwa vitendo ni wiki nane kuanzia katikati ya Julai, na ripoti inataka data niliyokusanya mwenyewe. Nina njia tatu: Taasisi ya Sayansi za Bahari (IMS) kule Buyu, Unguja, Tanga kwenye mikoko na madiko (wavuvi wanaposhusha samaki), au bwawa la Nyumba ya Mungu hapa jirani, ambalo ni la maji baridi. Ipi itanipa data ya kutosha?

Bamvuo
Kabla ya mahali, angalia kalenda. Julai hadi Septemba ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Upande wa bahari wazi boti ndogo hukwama siku nyingi na maji huchafuka, kwa hiyo swali la kupiga mbizi kwenye matumbawe litakuacha umekaa ufukweni. Chagua swali la eneo linalokauka maji yakitoka.

Sasa piga hesabu. Bamvuo, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, na kila moja ina siku kama nne ambazo maji yanatoka vya kutosha. Wiki nane ni siku 16 hivi, basi. Heri yenyewe ni kwamba Unguja na Tanga maji ya bamvuo hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mwanga upo.

Mfano wa nyasi bahari: mistari mitatu ya mita 50, kila mmoja mita 25 kutoka mwenzake, fremu ya sentimita 50 kwa 50 kila baada ya mita 5. Ni fremu 11 kwa mstari, jumla 33. Kila fremu ikila dakika tano, hizo ni dakika 165, na muda mzuri wa kazi ni saa mbili tu. Ukiwa peke yako maji yatakukuta kwenye mstari wa tatu. Muwe wawili, na muanze saa nzima kabla, mkiyafuata maji yanavyotoka.

Mkandaa
Kwa muda huo mimi nasema Tanga, kwa sababu mikoko haisumbuliwi sana na kusi. Pima viwanja vya mita 10 kwa 10. Kipenyo cha shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini kwa aina za mchu na msinzi, lakini mkoko wenye mizizi ya magongo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila tawi linaandikwa kivyake.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi: futi ya kawaida inakupa mzingo, si kipenyo. Gawa kwa 3.14 kwanza. Ukiingiza mzingo kwenye kanuni ya kipenyo, uzito wa mti unatoka zaidi ya mara kumi ya ukweli, na hesabu yote ya kaboni inakwenda na maji. Na usiende na sendo, tope litazimeza. Vaa viatu vya kufunga kamba.

Kaunta_ya_Maabara
Mwenye swali la vinasaba aende Unguja, maabara na wasimamizi wapo. Ila Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, mbali na ule wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wa bara, kwa hiyo barua ya chuo na pendekezo la ukurasa mmoja vitoke miezi mitatu mapema.

Sampuli ya vinasaba iwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95, kamwe si fomalini, maana inaharibu DNA. Nyama isizidi theluthi ya chupa, na ethanoli ibadilishwe kesho yake kwa kuwa maji ya nyama yameshaizimua. Lebo iandikwe kwa penseli na iwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka, unabaki na chupa 40 zisizo na jina.

Perege_Tu
Nyumba ya Mungu nauli ni ndogo na hakuna kusubiri maji yatoke. Uliza kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Ila kama kozi imeandikwa bahari, msimamizi anaweza kuikataa. Itumie Juni kujizoeza kupima perege kwenye ubao wa milimita.

Mwanafunzi_Soweto
Ahsanteni sana. Naelekea Tanga, mikoko. Siku za maji mafu, yasipotoka vya kutosha, nifanye nini?

Bamvuo
Nenda dikoni ukapime samaki. Amua mapema: urefu hadi ncha ya mkia, au hadi kwenye panda ya mkia. Kwa vibua tofauti ni kubwa, na ukichanganya vipimo huwezi kuvitenganisha tena. Ongea na viongozi wa diko siku moja kabla. Ngalawa ikishafika, mchuuzi hana dakika ya kukusubiri.

Mkandaa
Na data ya mikoko iingizwe kwenye kompyuta jioni ile ile, karatasi ikiwa bado inasomeka. Piga na picha ya kila ukurasa.