Nimeandika riwaya juu ya maisha ya mdogo wangu. Nimwambie kabla haijachapwa?

dada_wa_Kirumba:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, naishi hapa Mwanza. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu wa kuandika au wa muziki.

Mdogo wangu wa kiume alianza kuimba jukwaani akiwa na miaka 7. Mimi nilikuwa na 10, namwitikia. Tulianzia kwaya ya watoto kanisani, tukaingia kwenye harusi, kipaimara, Nane Nane pale Nyamhongolo, hadi mikutano ya kampeni. Mtoto alikuwa na sauti ya kumfanya muuza samaki asimame na kisu mkononi. Watu walimtunza kwa kumbandika noti kwenye paji la uso, zinashika kwa jasho. Zikidondoka naziokota, nampelekea mama.

Alipobalehe sauti ikawa nzito, simu zikaacha kuita. Hela hakuikuta. Ilishakuwa nyumba yetu ya vyumba vitatu na ada yangu, kidato cha kwanza mpaka chuo. Yeye aliishia darasa la saba. Leo anapakia magunia ya dagaa soko la Mwaloni na haimbi tena, hata kanisani anakaa kimya.

Riwaya imenichukua miaka mitatu, kurasa 212. Majina nimebadilisha, familia nimeihamishia Ukerewe, lakini yeyote wa mtaani kwetu akisoma atatujua. Kuna sura ya usiku aliopanda jukwaani na malaria, saa sita usiku, anatetemeka. Mama aliniagiza niwaambie wenye sherehe kwamba amechoka tu. Nikawaambia.

Mchapishaji mmoja ameipenda. Mdogo wangu hajui chochote. Mama yupo hai na ana presha. Nifanyeje?

mwana_Igoma:
Chapisha. Riwaya ni riwaya, majina umeshabadilisha. Ukianza kuomba ruhusa kwa kila ndugu hutachapa kitu.

Bibi Shamba:
Mwanangu, usimsikilize huyo. Mama yako alikuwa na njaa ya watu wangapi nyumbani? Hilo umeliandika? Mimi nililea saba peke yangu na ningekuwa na mtoto mwenye sauti ile, sijui ningefanya nini. Nenda kwa mama kwanza.

Mtu wa Pasiansi:
Dada, Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin kwenye *The Kid* mwaka 1921, aliingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia. Mwaka 1938 akawapeleka mahakamani, akaambulia dola kama 126,000. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria kwamba sehemu ya mapato ya mtoto msanii iwekwe akiba mpaka akue. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za usiku. Sura ya malaria usiiguse. Kuna wazazi wana watoto jukwaani hivi sasa na wanatakiwa kuisoma.

mwana_Igoma:
Nimesoma tena hapo ulipoeleza noti kwenye paji la uso. Nafuta nilichosema. Mwambie.

Kalamu ya Ziwa:
Nimechapisha vitabu viwili, nakwambia nilichojifunza kwa kuumia. Usimwambie kwa simu. Usimpelekee kitabu kilichokwisha kuchapwa, hapo atakuwa anapewa taarifa tu. Mpelekee mswada wakati bado unaweza kufutika, na umwambie kweli kwamba unaweza kufutika. Kama hapendi kusoma, msomee wewe. Halafu suala la mrabaha, yaani fungu la mwandishi kitabu kikiuzwa. Sauti yake ilikusomesha, sasa maisha yake yanakupa kitabu. Weka fungu lake kwa maandishi kabla hujasaini mkataba, siyo zawadi utakayompa ukijisikia. Bila hilo utakuwa unaokota noti zilezile.

dada_wa_Kirumba:
Kalamu, sentensi yako ya mwisho imeniliza. Asanteni wote. Jumamosi nitakwenda Mwaloni.

dada_wa_Kirumba (mrejesho):
Wakuu, nilikwenda. Nilimsubiri amalize kupakia lori, tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nilisoma kurasa mbili hivi, akaninyang'anya karatasi, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuondoka. Hakusema hata neno. Siku nne hakupokea simu. Nilimwandikia mchapishaji asubiri.

Leo alfajiri amenitumia ujumbe: "Ukurasa wa 88 umekosea. Mama hakuwepo usiku ule. Alikuwa Bugando anamuuguza bibi. Tulikwenda wawili."

Nimekaa na simu mkononi tangu saa kumi na moja. Ni kweli. Bibi alikuwa amelazwa wiki ile. Mimi ndiye niliyemvalisha shati, mimi ndiye niliyesema amechoka tu, na hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa na miaka 12 na nilitaka turudi na hela tumpelekee mama hospitali. Miaka yote hii nilimweka mama pale na nikaamini.

Nimemjibu kwamba nitaiandika upya sura ile. Akajibu: "Sawa. Nimefika ukurasa wa 120. Usilete watu."

Bibi Shamba, kwa mama nitakwenda. Ila nimsubiri kwanza amalize.