Kuondoa stika na mistari ya zamani kabla ya kupiga gari rangi upya

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninalitayarisha gari langu kwa ajili ya kupigwa rangi upya. Ubavuni lina mistari mirefu ya stika iliyobandikwa miaka mingi iliyopita, na jua limeikausha kiasi kwamba nikiibandua kwa ukucha inakatika vipande vidogo kama ganda la yai. Nimeshauriwa niiache, kwa kuwa msasa utaiondoa pamoja na rangi ya zamani. Je, ushauri huo ni sahihi?

Jibu la 1

Ndugu, tafadhali usianze na msasa. Msuguano huleta joto, gundi hulainika na kuziba msasa, kisha husambaa na kujipenyeza katika mikwaruzo ile ile ambayo rangi mpya inategemea kushika. Tumia mashine ya kukausha nywele, uipitishe taratibu mpaka bati lipate moto ambao mkono bado unauvumilia. Inua ncha kwa kipande cha plastiki ngumu, halafu vuta polepole huku ukiikunja stika irudi juu yake yenyewe. Ikikatika, ama haijapata joto la kutosha, ama umevuta kwa haraka.

Jibu la 2

Naunga mkono, ila kwa stika iliyokauka namna hiyo joto pekee litakuchosha. Lipo gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili, ambalo hula stika pamoja na gundi yake bila kuikwangua rangi, mradi uliendeshe kwa kasi ndogo na usiliache mahali pamoja, maana likituama huunguza rangi. Gundi itakayobaki ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, baada ya bati kupoa kabisa na pasipo moto karibu. Thina kali iepuke, kwani hulainisha rangi, hasa ikiwa gari liliwahi kupigwa rangi nje ya kiwanda.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimejaribu kwenye mlango mmoja na stika imetoka yote, lakini umbo la mstari bado linaonekana, na nikipitisha kidole nahisi ukingo mwembamba. Rangi mpya itaufunika?

Jibu la 3

Hapo kuna mambo mawili tofauti. Tofauti ya rangi, inayotokana na sehemu iliyofunikwa kutopauka kwa jua, itafunikwa bila shida. Ukingo hautafunikwa: rangi hufuata umbo la kilicho chini yake, na ikishang'aa utauona mstari wote upya. Kwa hiyo safisha kwanza kwa maji ya sabuni, kisha kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta, kwa sababu ukipiga msasa juu ya uchafu huo utausukuma ndani, na rangi itajitenga na kuacha vishimo vya duara. Baada ya hapo tumia msasa namba 320 au 400 uliozungushiwa kibao, usiushike kwa vidole vitupu, mpaka kiganja kipite bila kuhisi chochote. Piga praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe), kisha uilainishe kwa namba 600 yenye maji kabla ya rangi.

Angalia pia milango mingine: ikiwa mstari wowote uliwekwa chini ya klia (tabaka la juu kabisa linalong'aa na kuonyesha rangi iliyo chini yake), joto halitaubandua, na huo ndio pekee utakaolazimika kuuondoa kwa msasa tangu mwanzo.