WAJUKUU WA LUHENDE 🐟 (Igombe na kwingineko)

IJUMAA

Shangazi Kabula 19:42
Mwadila jamani. Masanja amekamatwa leo saa kumi pale mwaloni. Wamemkuta na mashine ya mtumbwi, mwenye mashine katokea Ukerewe na namba zake mkononi. Analala ndani. Naomba wote msome.

Shangazi Kabula 19:58
Naona mmesoma watu kumi na mmoja.

Shangazi Kabula 20:31
Kumi na wanne.

Doto 20:33
Shangazi umekuwa karani wa sensa 😂

Shangazi Kabula 20:33
Doto leo sitaki.

Mama Masanja 20:40
Amekula?

Shangazi Kabula 20:41
Nimempelekea ugali na sato, askari wa zamu kapokea. Lala wifi, tupo.

Kulwa 21:15
Mashine gani? Ile aliyokuwa anaifungua nyuma ya banda la

Shangazi Kabula 21:15
KULWA FUTA

Kulwa 21:16
🚫 Umefuta ujumbe huu

Doto 21:17
Shahidi wa kwanza wa Jamhuri amepatikana

JUMAMOSI

Shangazi Kabula 06:20
Mwangaluka. MCHANGO WA DHAMANA YA MASANJA. Lengo 450,000 (kituoni 300,000, iliyobaki nauli, chakula, picha za pasipoti). Tuma kwangu kisha nakili orodha, ongeza jina lako chini.
1. Kabula 50,000 ✅
2. Mama Masanja 20,000 ✅
3.
4.

Mjomba Mashauri 06:44
Amen. Asubuhi njema wapendwa, anza siku na neno hili 🙏 [picha]

Mhoja 06:52
Shangazi shikamoo. Hiyo 300,000 ya kituoni ni ya nini?

Shangazi Kabula 06:53
Marahaba. Ya kumtoa. Kuna mtu pale kaniambia.

Mhoja 06:59
Dhamana ya polisi hailipiwi Shangazi. Vituo vingi wamebandika kabisa ukutani, DHAMANA NI BURE. Anatakiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Anajaza fomu na kusaini kwamba Masanja akihitajika atafika. Hiyo hela ukitoa hupewi risiti, na Jumatatu utaombwa nyingine.

Doto 07:01
Mhoja ametoka chuo cha SAUT na moto

Shangazi Kabula 07:03
Wewe Mhoja uko Dodoma. Mimi ndiye ninayesimama pale kaunta.

Mhoja 07:04
Umeshatoa?

Shangazi Kabula 07:20
Nani yuko karibu na mwenyekiti wa mtaa? Barua ipatikane leo.

Kulwa 07:41
Mwenyekiti nimempata kwake anakunywa chai. Barua ataandika, lakini muhuri uko ofisini na mtendaji kaenda msibani Kayenze.

Shangazi Kabula 07:42
Mfuate Kayenze.

Kulwa 07:42
Kwa mafuta ya nani?

Mke wa Mashauri 08:10
DAGAA WASAFI WA KUANIKA, HAWANA MCHANGA. Sado na gunia. Tunatuma mpaka Dodoma na Dar kwa basi.

Mke wa Mashauri 08:11
Samahanini, nilitaka kutuma kikundi kingine.

Doto 08:12
Usifute. Mhoja chukua sado moja huko Dodoma

Mhoja 08:30
Nirudi kwenye jambo lenyewe. Wanamshikilia kwa kosa gani? Shangazi, uliuliza?

Shangazi Kabula 08:49
Wanasema mali ya wizi.

Mhoja 08:58
Neno hilo lina makosa tofauti ndani yake, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua Masanja analala wapi mwezi ujao. Kama ni kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, au kupokea mali ya wizi, kosa lina dhamana polisi na mahakamani. Lakini nimesikia wale wa Ukerewe walivamiwa ziwani usiku na watu wenye mapanga. Ni kweli?

Shangazi Kabula 09:00
Ndivyo mwenye mashine anavyosema.

Mhoja 09:06
Basi hapo ndipo pa kuogopa. Wakimuunganisha na hao waliovamia, ataandikiwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Panga ni silaha. Kosa hilo halina dhamana, liko kundi moja na mauaji, uhaini, ugaidi na utakatishaji fedha. Hakimu hata akimwonea huruma hana mamlaka, anakwenda gereza la Butimba mpaka kesi iishe. Na akitiwa hatiani ni miaka 30.

Mama Masanja 09:07
Yesu wangu

Mhoja 09:08
Mama mkubwa sijasema ndivyo itakavyokuwa. Nasema tusihangaike na 300,000 wakati hatujui faili lina nini. Atafutwe wakili akae naye kabla hajaandika maelezo. Kama hela ya wakili hakuna, wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya bure, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017.

Kulwa 09:30
Maelezo ameshaandika jana usiku. Alisaini.

Mhoja 09:31
😔

Doto 09:35
Masanja huyu huyu ambaye akisaini daftari la vikoba anakosea jina

Ba'mdogo Sospeter 11:02
Nimesoma toka juu mpaka chini. Sitasaini.

Shangazi Kabula 11:03
Hakuna aliyekutaja Sospeter.

Ba'mdogo Sospeter 11:05
Mngenitaja kesho. Mimi ndiye mwenye kitambulisho na nyumba inayojulikana mtaani. Namaliza mapema.

Ba'mdogo Sospeter 11:09
Ile ya Bahati mliniambia ni bondi ya maneno tu, saini hapa, hakuna hela inayotoka. Bahati akasema anakwenda Geita siku mbili. Tarehe ya kesi ikafika mimi peke yangu nimesimama mbele ya hakimu naulizwa nieleze kwa nini nisilipe. Mtumbwi nikauza. Nyavu nikauza. Humu ndani wote mkaandika TUTACHANGA, orodha ilifika namba 17. Sikuona hata shilingi ya kununulia kamba.

Doto 11:10
Namba 17 nilikuwa mimi 🙈

Ba'mdogo Sospeter 11:11
Najua.

Shangazi Kabula 11:14
Sospeter yale yalishapita. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yako.

Ba'mdogo Sospeter 11:15
Yalipita kwako.

Kulwa 11:20
Bahati si yumo humu? Naona kasoma.

Bahati ameondoka kwenye kikundi

Shangazi Kabula amemwongeza Bahati

Shangazi Kabula 11:23
Hutoki.

Doto 11:24
Huyo ndiye wa kupewa dhamana sasa 😂😂

Mhoja 11:40
Ba'mdogo shikamoo. Una haki. Niseme tu ili wengine waelewe wanachoombwa. Mahakamani kwa kawaida wanataka wadhamini wawili, na kila mmoja anawekewa kiasi, tuseme milioni mbili. Siku hiyo hulipi. Umejifunga tu kwamba mshtakiwa asipofika, kiasi hicho kinadaiwa kwako. Ndicho kilichompata Ba'mdogo. Kesi ya mali yenye thamani kubwa inaweza kuwa ngumu zaidi, mahakama ikadai sehemu iwekwe taslimu au kwa hati ya nyumba.

Shangazi Kabula 11:42
Hati ya Igoma ipo.

Kulwa 11:42
Shangaziii

Ba'mdogo Sospeter 11:43
Nilijua tutafika huko.

Shangazi Kabula 11:50
Mwl. Nyamizi, naona uko hewani. Mahakama mara nyingi inapenda mdhamini mmoja awe mtumishi wa umma.

Shangazi Kabula 13:15
Nyamizi.

Shangazi Kabula 16:02
Nyamizi mwanangu, shule imefungwa leo.

Doto 16:40
Jamani Simba wanacheza, tuahirishe kikao

Mjomba Mashauri 16:41
Kwani Simba wanacheza na nani?

(Ujumbe 38 kuhusu mpira)

Shangazi Kabula 18:55
MTOTO ANALALA SAKAFUNI NYIE MNAANDIKA GOLI

Lucas Marekani 22:47
Habari za huko ndugu zangu, ndiyo natoka kazini. Poleni sana. Kwa nini msiende kwa kampuni ya dhamana? Hapa Texas ziko mtaa mzima mbele ya jela, taa usiku kucha. Jaji akisema dola 10,000, wewe unaipa kampuni asilimia 10, yaani dola 1,000, wao wanaweka bondi na ndugu anatoka usiku huo huo.

Doto 22:49
Na hiyo dola 1,000 inarudi lini?

Lucas Marekani 22:50
Hairudi. Ndiyo faida yao. Hata kesi ikifutwa kesho yake hairudi. Na mtu akitoroka wanamsaka wenyewe.

Doto 22:51
Ba'mdogo ungepata hao wangemtoa Bahati Geita kwa shati

Mhoja 22:58
Kaka Lucas huku biashara hiyo haipo. Na kwenu pia si kila mahali, Kentucky waliipiga marufuku 1976, na Illinois walifuta dhamana ya fedha kabisa Septemba 2023. Huku mdhamini ni mtu, siyo kampuni. Mkikutana na mtu nje ya mahakama anajiuza kuwa mdhamini kwa malipo, huyo ni kishoka, kaeni mbali naye.

Lucas Marekani 23:01
Sawa mwanasheria wetu. Natuma dola 100 kwa Shangazi.

Ba'mdogo Sospeter 23:04
Ziende kwa Mhoja.

Shangazi Kabula 23:04
Una maana gani?

Ba'mdogo Sospeter 23:05
Ziende kwa Mhoja.

JUMAPILI

Shangazi Kabula 07:10
Orodha ilivyo sasa:
1. Kabula 50,000 ✅
2. Mama Masanja 20,000 ✅
3. Lucas (ahadi)
4. Doto 5,000 (ahadi)
5. Mashauri (anakuja nayo mkononi)

Mjomba Mashauri 07:35
Natoka Sengerema kesho alfajiri. Foleni ya kivuko nayo mnaijua.

Kulwa 07:36
Mjomba kivuko kipi? Daraja la Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, dakika tano uko ng'ambo.

Mjomba Mashauri 07:50
Nimezoea.

Kulwa 10:22
Barua ya mtendaji nimepata, ina muhuri. Nimeifikisha kituoni. Wanasema mpelelezi hayupo, dhamana ya hapo haiwezekani, anapelekwa mahakamani kesho asubuhi. Ilemela.

Mhoja 10:30
Toka Ijumaa saa kumi? Walitakiwa wamfikishe ndani ya saa 24, au wampe dhamana kama kosa si zito. Waulize wanasema ni zito au si zito. Jibu lao litatuonyesha wanachotaka kuandika.

Kulwa 10:52
Nimeuliza. Kaniambia "kesho utasikia likisomwa".

Mama Masanja 10:53
Kulwa umemwona?

Kulwa 10:54
Nimemwona Mama. Anauliza nani anamlisha mbwa wake.

Doto 10:55
Mwambie mbwa yuko nje kwa dhamana

Doto 10:57
Samahani Mama mkubwa.

Kulwa 17:31
Niko kwa Babu. Nimemsomea ujumbe wote toka Ijumaa, hata wa mpira. Amesema niandike kama anavyotamka, nisiongeze kitu.

Kulwa 17:44
"Kabula. Hati ya Igoma haitoki sandukuni, mimi nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Nyumba ile ni ya wajane wa mji huu, siyo ya mahakama.
Hela uliyokwisha kuitoa kule kituoni sitaiuliza. Usiongeze nyingine.
Sospeter asiombwe na mtu yeyote. Aliwahi kusimama mkamwacha. Kabla ya mwaka huu kwisha arudishiwe mtumbwi, kila aliyeandika jina lake kwenye ile orodha atoe alichoandika. Bahati aje Igombe anitazame usoni.
Masanja ni mjukuu wangu. Kesho nitasimama mimi. Hakimu akiniona mzee aniambie mwenyewe."

(Hakuna ujumbe kwa saa mbili)

Ba'mdogo Sospeter 19:50
Nimesikia Baba.

Doto 19:58
Mimi niliandika 30,000. Nitatoa mwisho wa mwezi.

Mjomba Mashauri 20:03
Tumesikia Mzee. Wabeja.

Mhoja 20:15
Babu shikamoo. Sheria haikatazi mzee kuwa mdhamini. Hakimu ataangalia kama mdhamini anaaminika, ana makazi yanayojulikana, na anaweza kuhakikisha mshtakiwa anarudi. Kwa hiyo tunahitaji wa pili mwenye nguvu. Na Babu barua yake iwe ya jina lake, ile aliyochukua Kulwa ni ya jina la nani?

Kulwa 20:20
La Shangazi.

Mhoja 20:20
Basi inatakiwa nyingine asubuhi na mapema.

Shangazi Kabula 20:24
Ninyi mnajua kuongea. Nani ametembea toka Ijumaa? Nani amebeba ugali? Babu ananisema mbele ya watoto na hakuna hata mmoja aliyesema Kabula pole.

Mama Masanja 20:26
Pole wifi yangu. Mungu anakuona.

Bahati 22:13
Shikamooni. Nimesoma.

Kulwa 22:14
Na?

Mwl. Nyamizi 23:06
Samahanini, nilikuwa na wageni. Mtumishi akisimama mdhamini wanataka kitambulisho cha kazi na barua ya mwajiri. Barua yangu inatoka kwa Mkurugenzi, ofisi inafunguliwa saa moja na nusu, na ya kwangu haitoki siku hiyo hiyo. Naweza kujaribu. Sijasema ndiyo. Baba Junior hataki nisaini kitu, anataja habari za Ba'mdogo.

Shangazi Kabula 23:07
Mwambie Baba Junior anipigie.

Mwl. Nyamizi 23:09
Amelala.

JUMATATU

Shangazi Kabula 06:58
Niko mahakamani tayari. Babu yuko kwenye bajaji na Kulwa wanapitia kwa mtendaji. Mashauri umefika wapi?

Mjomba Mashauri 07:05
Usagara.

Mhoja 07:12
Likisomwa, sikiliza sana jina la kosa na usimwache hakimu apite. Kama ni kosa lenye dhamana, omba masharti yasomwe polepole, andika: wadhamini wangapi, kiasi gani, barua za nani. Msipokamilisha leo bado anaweza kukamilishiwa kesho, atashinda mahabusu tu mpaka mkamilishe.

Doto 08:15
Shangazi nimetuma 5,000. Ile ya Ba'mdogo bado nakumbuka.

Shangazi Kabula 08:40
Karandinga limeingia. Nimemwona, kanyoosha mkono. Nyamizi uko wapi? Mashauri?

Mjomba Mashauri 08:44
Usagara hapa, naikaribia Buhongwa.

Kulwa 08:45
Mjomba ulikuwa Usagara saa moja.

Ba'mdogo Sospeter 08:52
Niko getini mahakamani. Sijaja kusaini. Nimekuja kumshika Baba mkono.

Shangazi Kabula 09:06
Mhoja pokea simu. Mwendesha mashtaka anasema hati ya mashtaka inabadilishwa, na karani anauliza barua ya Babu mbona muhuri ni wa mtaa wa Kayenze.