Tupeane uzoefu: Safari ya kikazi ukaiunganisha na kwenda kusalimia nyumbani (Juni hadi Agosti)

Wakuu, msimu ndio huu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, kwa hiyo kuanzia Mei idara zinakimbizana kumaliza mafungu na safari zinamwagika. Shule nazo zinafunga Juni. Dirisha zuri la kumpeleka mtoto kwa bibi yake huku ofisi ikikupeleka mkoa uleule ni katikati ya Juni. Ukisema utasubiri Julai mwanzoni utakaa sana, fedha za mwaka mpya huwa hazijashuka. Tuwekane sawa: vibali, nauli, mizigo, watoto. Hadithi za shemeji alivyokupokea tuziache, tupeane mambo ya kufanyia kazi.

Mhasibu Mstaafu
Nianze na karatasi maana ndipo watu wanapoumia. Kibali cha safari kina tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Siku za kazi na siku zako binafsi zisichanganywe kwenye kibali kimoja. Kazi ikiisha Ijumaa, kibali kiishe Ijumaa au Jumamosi ya kurudi. Siku za nyumbani ziombewe likizo au ruhusa kabla hujaondoka, nakala utembee nayo.

Kwa likizo ya siku 28 ya Sheria ya Ajira, zile siku ni mfululizo: wikiendi imo, na Saba Saba au Nane Nane ikiangukia ndani nayo inahesabiwa. Kwa hiyo kazi ikiisha Ijumaa, anzisha likizo Jumatatu. Ukiandika Jumamosi umechoma siku mbili ambazo ni zako tayari. Mjulishe tu mkuu wako kwamba wikiendi hujarudi kituoni.

Posho ya kujikimu ni kwa siku za kazi. Mtu aliyelala kwa mama yake halafu akaleta risiti ya gesti, mkaguzi akipiga simu gesti ile, imekula kwake. Nauli: ofisi inalipa njia iliyoidhinishwa. Umetumwa Mwanza ukaamua kufika Bukoba, kipande cha Mwanza–Bukoba ni mfuko wako, na tiketi yake usiichanganye kwenye marejesho. Tafuta bahasha mbili, moja ya ofisi na moja yako, risiti ziingie siku ileile. Risiti za EFD zinafutika zikikaa juani au mfukoni kwenye jasho, zipige picha. Ofisi nyingi zinataka masurufu (fedha ya safari uliyotangulizwa) yarejeshwe ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, na zikipita wanakata kwenye mshahara. Wiki hizo usizihesabu kuanzia siku uliyotoka likizo.

Dereva wa Ofisi
Gari la serikali, lenye namba za STK au STL, si la kubebea familia. Mtu asiyehusika na safari akiwemo ndani na likatokea la kutokea, maswali yote anaulizwa dereva. Hata "mtoto tu hadi Chalinze", hapana. Na baada ya saa 12 jioni gari la serikali halitembei bila kibali, kwa hiyo usimwombe dereva akuchepushie kijijini saa 11.

Halafu mkaa. Kila mwaka bosi anaona magunia barabarani, bei nzuri, anasema tia mawili nyuma. Mkaa na mbao ni mazao ya misitu, unatakiwa uwe na kibali cha kusafirishia, na kwenye kizuizi hawaangalii rangi ya namba. Mahindi, mchele, maharage havina shida hiyo: tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja hautozwi ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wa geti akikuambia vingine, omba risiti kwanza.

Ajali ya Njiani
Nyongeza fupi kwa Mhasibu. Fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ni ya ajali au ugonjwa unaotokana na kazi. Ukianguka na bodaboda kijijini siku ya likizo hiyo si ya mwajiri. Beba kadi ya bima, yako na za watoto.

Konda wa Nyanda za Juu
Nauli na viti. Kwa Dodoma na Morogoro siku hizi treni ya umeme, SGR, ndiyo mpango. Ilianza Dar–Morogoro Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata. Daraja la kawaida nauli iliyotangazwa ilikuwa 13,000 Moro na 31,000 Dodoma. Bunge la bajeti linapokaa, Ijumaa na Jumapili viti vinaisha mapema, kata mtandaoni ukishapata tu tarehe ya kibali. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, siyo Msamvu, hivyo anayeunganisha basi la Ifakara au Iringa aweke nusu saa ya bajaji na nauli yake.

Basi la mchana Dar–Mbeya: Juni na Julai jua liko kaskazini yetu. Ukienda Mbeya linapiga upande wa dereva karibu siku nzima, kaa upande wa mlango. Ukirudi Dar kaa upande wa dereva. Mwenye mtoto mchanga atanielewa.

Sweta si pambo. Njombe na Makete usiku wa Julai ni baridi ya kugandisha, na mtoto wa Dar analetwa na kaptura.

Mzee wa Mwaloni
Niongelee sato wa kutoka Mwanza, maana watu wanaharibu samaki kwa barafu. Barafu ya vipande inayeyuka kabla ya Singida, maji yanavuja, konda anashusha boksi lako. Afadhali hivi: samaki aparwe na kutolewa utumbo na matamvua, aoshwe, akaushwe maji. Agandishwe saa 24 kwenye friza, mmojammoja, wasigusane, mpaka ukigonga analia kama jiwe. Ndipo umfunge kwenye gazeti mikunjo miwili, kisha nailoni, na umpange kwenye boksi la povu bila kuacha nafasi. Nafasi iliyobaki jaza magazeti, hewa ndiyo inayoyeyusha. Ziba kwa gundi ya karatasi pande zote. Kwa ndege wanapima uvujaji na uzito, kawaida kilo 23, na boksi linahesabiwa ndani ya hizo. Kama huna friza, kaanga kavu bila kufunika, wapoe kabisa ndiyo ufunge. Akifungwa wa moto anatoa jasho na kesho yake ananuka.

Anayevuka kwenda Sengerema na Geita: daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3. Ile hesabu ya zamani ya kuacha saa nzima ya foleni ya kivuko ifute.

Mama Wawili
Mzee wa Mwaloni kasema ya samaki, mimi ndizi na parachichi. Mkungu ukate vichane, weka kwenye gunia lenye matundu, lisiwe nailoni, na likae juu ya mizigo. Chini kuna joto na uzito, zinafika zimeiva upande mmoja. Parachichi chukua gumu lenye kikonyo. Likichumwa bila kikonyo linaozea pale penye tundu kabla ya kulainika.

Zawadi za kupeleka: sukari, sabuni za mche na majani ya chai nunua mji wa mwisho kabla ya kijiji. Kilo kumi za sukari kutoka Kariakoo hadi Tukuyu ni kulipia mzigo kwa kitu kinachouzwa Tukuyu.

Hela ya wazee toa mjini, omba noti za elfu mbili na elfu tano. Wakala wa kijijini saa nne asubuhi atakwambia floti imeisha, na ukiwa na noti za elfu kumi tupu hakuna wa kukuchenjia. Gawa kwenye bahasha ukiwa bado gesti, moja moja na jina juu, ukianza na shangazi. Shangazi akipewa wa mwisho anajua.

Mleta mada
Mhasibu, swali: nikimtanguliza mtoto na dada yake kwa basi Ijumaa, mimi ofisi ikanipeleka Jumapili, kwenye kibali niandike chochote?

Mhasibu Mstaafu
Usiandike. Hao si safari ya ofisi. Ila tiketi zao zikae bahasha ya pili.